Megawati na Sufuria la Maharage

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu wa uhandisi mliojazwa humu kwa lazima, nawasalimu. Kabla sijaanza, niruhusuni nichomeke chombo hiki kwenye umeme. Ni presha kuka. Ndani mna kilo moja ya maharage, hayakulowekwa. Hapo kwenye plagi nimeweka kimita cha kuhesabu uniti za umeme, yaani kilowati-saa. Sasa ni saa nne na dakika tano. Tutakirudia.

Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea. Wasinzie kidogo.

Kila kongamano la nishati mnaonyeshwa megawati. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji: mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na mwaka huohuo tukaambiwa umeme umezidi mahitaji, baadhi ya mitambo ya maji ikazimwa. Nilishangilia na mimi, maana kazi ya mitambo nimeianza nikiwa bado na nywele. Lakini siku hizo umeme ulipozidi, jirani yangu hapa Kihonda, Morogoro, alikuwa anapepea mkaa. Na umeme anao! Nguzo iko mlangoni kwake. Taa inawaka, simu inachajiwa, redio inaimba, maharage yako juu ya mkaa.

Sasa niwape habari ya dada yangu, mama lishe. Nilimpelekea chombo kama hiki akakitazama kama bomu. "Kaka, hiki kitanimalizia luku." Nikamwambia tupime. Siku ya kwanza tukapika kwa mkaa wake, tukaupima kwa mizani ya nyama: kilo moja na robo imekwenda, saa mbili na nusu, na yeye muda wote yuko pale anachochea na kuongeza. Siku ya pili tukatumia jiko la umeme la koili alilozawadiwa harusini: uniti mbili kasoro. Akanicheka, na haki alikuwa nayo. Siku ya tatu, kuka: nusu uniti haikufika. Akasema mita imeharibika. Tukarudia. Akasema maharage ya msimu huu ni laini. Tukatafuta ya mwaka jana, magumu kama kokoto, tukarudia tena. Safari hiyo hakusema kitu. Akaniuliza chombo kinauzwa bei gani.

Hakuna uchawi hapo. Maharage hayali moto, yanataka joto na muda. Kwenye sufuria la wazi, moto mwingi unaishia kugeuza maji kuwa mvuke na kupasha kuta za jikoni. Kuka imefungwa na imevikwa kizuia joto. Presha ikipanda, maji yanapita nyuzi 100, umeme unakatika wenyewe, unarudi mara mojamoja tu. Na mkaa msiuhesabie jikoni pekee. Kwenye tanuri la udongo, kilo 100 za kuni zinakupa mkaa wa kilo 10 hadi 20. Sehemu kubwa ya moto umeshauacha porini kabla gunia halijafika barabarani.

Najua, mtaniambia ladha. Ladha ni nazi na kitunguu, jamani! Mtaniambia umeme unakatika. Unakatika, ndiyo, wekeni mkaa kidogo wa akiba kama mnavyoweka tochi. Halafu kuna yule wa kila mwaka, huwa anakaa nyuma kule: "Mzee, si tuna gesi yetu wenyewe?" Hapo ndipo mimi hupanda presha kuliko hicho chombo. Gesi ya Songo Songo, inayoendesha mitambo ya umeme ya Dar es Salaam tangu 2004, ni methani na husafiri kwa bomba. Ya kwenye mtungi ni propani na butani, inakuja kwa meli, tunailipia dola. Mitungi ya kilo 6 imegawiwa kwa wengi, jambo jema, lakini ingieni majumbani mhesabu mingapi imekuwa vigoda.

Kinachomzuia dada yangu hasa ni bei. Mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa kama shilingi 122 kwa uniti. Akivuka, kila uniti ya ziada ni kama mara tatu na nusu ya hiyo. Nyumba yenye taa, televisheni na friji ndogo ikianza kupikia umeme kila siku, inagonga ukuta huo kabla mwezi haujaisha. Mama anajua hesabu, anarudi kwa muuza mkaa. Yaani Mei 2024 tumezindua mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, kisha anayeutii tunamtoza faini! Mpikaji aongezewe uniti 30 juu ya zile 75, kwa bei ileile. Nimelisema hili mpaka mke wangu analijua kwa moyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, haraka. Ukame: mwaka 2006 bwawa la Mtera lilipopungukiwa maji, la umeme la Kidatu chini yake nalo likaishiwa, tukakaa gizani. Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake hutoka mto Kilombero, na misitu ya huko juu mnajua hali yake. Msinirukie, shamba linafyeka misitu kuliko tanuri. Lakini tanuri hufuata nyuma ya shoka lilelile. Jua la Dodoma na upepo wa Singida vingelipumzisha bwawa miaka ya kiangazi. Slaidi zake ni nne, mtazipata kwa mwalimu wenu.

Kimita kinasoma 0.33. Bado dakika kama kumi. Wenye maswali waanze, wenye njaa wasogee mbele. Chumvi sijatia.