Udongo wa Pemba na Kijana wa Shiraz

SAUMU: Kaka Elia, kabla hatujafika kwenye yale matatu tuliyoyaandaa kwa kipindi chetu cha leo kuhusu madini ya zinki, naomba nianze na lililonikuta Jumanne. Nilimsindikiza mdogo wangu kliniki, mimba yake ina miezi sita, na kipimo kikaonyesha kuwa damu imeshuka hadi gramu 8. Tulipotoka getini alifungua mkoba, akatoa kipande cha pemba, ule udongo mkavu wa kula unaouzwa sokoni, na kukitafuna mbele yangu, ilhali vidonge vya kuongeza damu alivyopewa punde tu amevishika kwa mkono wa pili.

ELIA: Pole sana, dada, na umfikishie pole zangu. Mama yangu alikula udongo wa kichuguu katika mimba zake zote, na mvua ya kwanza ilipogusa ardhi alikuwa akisema kwamba harufu ile inamwita. Je, ulimnyang'anya?

SAUMU: Mkono ulikwisha kunyooka, ndipo nikamkumbuka kijana mmoja wa Shiraz, mji wa Iran, niliyemsoma katika habari za zinki. Mwaka 1958, daktari Ananda Prasad, mzaliwa wa Bihar nchini India, alikuwa akifanya kazi Iran alipoonyeshwa mgonjwa wa miaka 21 ambaye kwa kumtazama ungesema ni mtoto wa miaka 10: hajabalehe, damu imepungua mno, ini na bandama vimevimba. Alikuwa akila mkate wa ngano usiotiwa hamira, nyama karibu haijui, na juu ya hayo alikula udongo wapata nusu kilo kila siku. Prasad alipokutana na wengine wa namna hiyo, aliona kuwa upungufu wa madini ya chuma unaieleza damu yao lakini hauelezi kudumaa kwao, akaanza kuishuku zinki, wakati ambapo wataalamu wengi hawakukubali kwamba binadamu anaweza kupungukiwa nayo.

ELIA: Naye akaenda kuyathibitisha Misri, ambako aliikuta zinki iko chini kwa vijana waliodumaa, na baadhi ya waliopewa zinki wakarefuka zaidi ya sentimita 12 katika mwaka mmoja. Hapo ndipo ninapokushika, dada, kwa maana wale wa Misri hawakuwa walaji wa udongo. Walichofanana na wa Iran ni mkate na nafaka, ambazo zina fitati, kemikali ya asili iliyomo kwenye nafaka, inayoing'ang'ania zinki tumboni isiingie mwilini. Mimi naamini udongo unasingiziwa, na kwamba mwili uliopungukiwa ndio unaoutafuta.

SAUMU: Misri inatuonyesha kwamba mtu anaweza kupungukiwa bila udongo, haimtoi udongo hatiani. Zipo aina za udongo zinazolishika chuma tumboni vilevile kama fitati inavyoishika zinki, kwa hiyo mdogo wangu huenda anameza kidonge kisha anakifuatishia kitu cha kukizuia. Tena kuna utafiti wa Geita uliochapishwa mwaka 2014, uliopima udongo unaoliwa na wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na ndani yake yakakutwa madini ya risasi na aseniki, ambayo ni sumu. Risasi hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

ELIA: Geita ni machimboni, dada. Huwezi kuhukumu kila pemba kwa udongo wa huko.

SAUMU: Muuza pemba sokoni hakuambii imechimbwa wapi, nami sitangoja nijue.

ELIA: Ukimkataza atakula kwa kujificha, na muuguzi akimuuliza atakana. Namwona mwanamke anayejua mwili wake una njaa ya kitu, na kazi yetu ni kukitafuta kitu hicho.

SAUMU: Nami namwona mtoto aliyeko tumboni ambaye hakuuliza wala hakuuonja. Hapa hatutakubaliana, Kaka Elia.

ELIA: Hatutakubaliana, na fundi wetu ananionyesha dakika mbili zimebaki. Hatukugusa jinsi zinki inavyoizuia shaba isinyonywe, hata ikawa tiba kwa wenye ugonjwa wa Wilson, ambao shaba huwarundikana kwenye ini na ubongo.

SAUMU: Wala zinki ya watoto wanaoharisha, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 pamoja na ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, na nusu yake kwa walio chini ya miezi sita, kama Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivyoelekeza mwaka 2004. La tatu hata sikulifungua.

ELIA: Basi niambie moja: pemba bado anayo?

SAUMU: Anayo. Ijumaa tunarudi kliniki, nami nimemwomba akichukue kipande kile amwonyeshe muuguzi kwa mkono wake mwenyewe.

ELIA: Mwambie basi vidonge ameze asubuhi, na udongo, kama umemshinda kuuacha, aule jioni.

SAUMU: Hilo sitamwambia.