Ujiji: Mji Ulioachwa na Maji

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Zuhura, na leo kaka Hamisi wa Tanga amerudi kutoka kutembelea nyumbani kwangu, Ujiji. Pole na safari, kaka.

HAMISI: Nimeshapoa, dada. Ila nimerudi na swali. Nilipelekwa kwenye mnara wa Livingstone na Stanley. Shuleni tulifundishwa kwamba walikutana Ujiji mwaka 1871, kando ya Ziwa Tanganyika. Basi nafika pale, miembe naiona, mnara nauona, ziwa silioni! Ikabidi tushuke na njia kwa miguu, nyumba baada ya nyumba, ndipo tukayakuta maji. Sasa hao walikutana kando ya nini?

ZUHURA: Kando ya ziwa hilohilo. Wakati ule maji yalikuwa juu zaidi na ufuko ulikuwa karibu na pale ulipoona mnara. Ziwa ndilo lililoondoka.

HAMISI: Ziwa kubwa kama lile liondoke liende wapi?

ZUHURA: Lukuga. Ni mto ulio ng'ambo, Kongo, pale Kalemie. Ziwa lina mlango huo mmoja tu wa kutolea maji. Inanyesha kwa miezi, mito inamwaga, Malagarasi huku kwetu, Rusizi kule kaskazini, lakini maji mengi yanayotoka hayapiti mtoni kabisa. Yanakaushwa na jua na upepo. Kwa hiyo mvua ikizidi miaka michache mfululizo, ziwa linapanda. Ikipungua, linashuka. Na katika karne ya 19 ule mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na majani.

HAMISI: Kama mtaro uliojaa takataka.

ZUHURA: Hivyo hivyo. Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi hadi kwenye Rusizi kutazama kama maji yanatoka, wakakuta mto unaingia. Cameron, msafiri mwingine Mwingereza, alipofika Lukuga mwaka 1874, mto ulikuwa umefungwa na mimea. Ziwa likaendelea kujaa, hadi karibu mwaka 1878 maji yakakisukuma kile kizibo, yakapasua njia. Baada ya hapo ziwa likashuka takriban mita 10 kabla karne haijaisha.

HAMISI: Mita 10! Kwenye ufuko uliolala kama ule wa Ujiji?

ZUHURA: Ndiyo maana ulitembea vile. Ufuko ukiwa wa mteremko mkali, maji yakishuka mita 10 hutoona tofauti kubwa. Ujiji pamelala, kwa hiyo kila maji yakishuka kidogo, nchi kavu inaongezeka sana. Bandari ya misafara iliyotoka Bagamoyo, walipopitishwa watumwa na pembe za ndovu kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, ikabaki juu ya mchanga. Na mimi hapo ndipo panaponiuma. Ukitaja Ujiji, watu wanakumbuka wazungu wawili kupeana mikono. Wamanyema walioletwa pale kwa minyororo, wakazaa, wakajenga mitaa, wakakikuza Kiswahili cha mji ule, hao hawana mnara.

HAMISI: Ni kweli. Na yule aliyenitembeza aliniambia babu zake ni wa Manyema. Alilisema kwa fahari.

ZUHURA: Ana haki ya fahari. Halafu ikaja reli. Mwaka 1914 ilifika ziwani, lakini ikaishia Kigoma. Ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na vilima, meli inatia nanga kwa utulivu. Ujiji pako wazi, upepo ukija unakuja na mawimbi yake.

HAMISI: Huo upepo niliuona! Nilikwenda Agosti, mchana ziwa lote limechafuka. Na milima ya Kongo sikuiona hata siku moja.

ZUHURA: Agosti ni kiangazi. Moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi vinatanda juu ya maji, ng'ambo yote inapotea. Subiri mvua ya kwanza, Oktoba au Novemba. Inanyesha usiku, asubuhi unafungua mlango, milima imesimama pale kama imesogezwa. Nikiwa mtoto nilidhani mvua ndiyo inayoileta.

HAMISI: Sisi Tanga tuna vuli na masika. Kwenu je?

ZUHURA: Sisi tuna msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili, wakati mwingine unaingia Mei. Juni hadi Agosti tunasahau mvua inafananaje. Na kila kazi ina majira yake. Chumvi ya Uvinza, kwa mfano, watu waliichemsha kiangazi, kwa sababu masika Malagarasi ukifurika maji ya chumvi yanachanganyika na maji ya mto. Misafara nayo ilijua kuuvuka mto ule wakati wa mafuriko ni balaa.

HAMISI: Na dagaa?

ZUHURA: Dagaa ndio usiniguse! Wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Asubuhi wanaanikwa. Mama yangu mkubwa alianika mchangani, siku hizi wengi wanatumia chanja za wavu. Sasa fikiria Machi, dagaa wamelala wamekauka nusu, wingu linaziba. Kila mtu anakimbia, "Anueni! Anueni!" Mafagio, matenga, maturubai, watoto wanaitwa kutoka kwenye mchezo. Mvua ikikuwahi, dagaa wanapoteza ule mng'ao wa fedha, wanageuka rangi ya kutu, vichwa vinakatika. Mnunuzi akiinama kutazama tu, ameshashusha bei. Nimemwona mama mkubwa amekaa juu ya ndoo kavu baada ya mvua kama hiyo, hasemi na mtu.

HAMISI: Na sasa nasikia maji yamerudi.

ZUHURA: Yamerudi. Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda. Mwaka 2024 yaliingia mitaani Bujumbura, Uvira, Kalemie, na kwetu mialo, fukwe za kuegesha mitumbwi, ikamezwa. Mwaka huohuo uvuvi ulifungwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaana. Kwa hiyo mwanikaji alikosa dagaa, na ufuko wa kuanikia ukawa umepungua.

HAMISI: Niliona miti imesimama ndani ya maji. Nikadhani ndivyo ilivyoota.

ZUHURA: Hiyo ilikuwa nchi kavu, kaka. Pale chini ya miti ndipo tulipokuwa tunaanika.