Lori la Watoto wa Napak

ZAINABU: Karibuni tena wasikilizaji wetu wa Kampala, Bombo, Jinja na popote mlipo. Leo ni ombaomba. Kaka Okello, gari limesimama kwenye taa za Jinja Road, mtoto anakugongea kioo. Unatoa?

OKELLO: Sitoi.

ZAINABU: Mimi natoa. Haya, leo tutagombana.

OKELLO: Tugombane kwa adabu, dada. Unajua lakini kwamba unavunja sheria? Mwaka 2019 jiji la Kampala lilipitisha sheria ndogo ya kulinda watoto. Ukimpa mtoto wa mtaani pesa au chakula, ni faini ya hadi shilingi 40,000 au jela hadi miezi 6.

ZAINABU: Naijua. Wewe umewahi kumsikia mwenye Prado aliyepandishwa kizimbani kwa kutoa mia tano?

OKELLO: (anacheka) Huyo bado sijamsikia.

ZAINABU: Wanaopakiwa kwenye lori ni watoto wenyewe.

OKELLO: Ngoja, tufike huko taratibu. Kwanza tazama kazi yenyewe inavyokwenda. Utamkuta mtoto hajafikisha hata miaka 2, amekalishwa ukingoni mwa barabara, miguu imenyooshwa, jua la saa saba lote lake. Kusema hajui. Lakini kivuli cha mtu kikimpitia tu, mkono unapanda, kiganja wazi. Nani kamfundisha? Inua macho uangalie ng'ambo, chini ya kibaraza cha duka: kuna mwanamke amekaa anaangalia. Pengine ni mama yake, pengine siye. Halafu kuna dada mkubwa, wa miaka saba au minane hivi, yeye anapita kuokota sarafu kabla hazijaonekana nyingi mkononi mwa mdogo.

ZAINABU: Maana mkono wenye sarafu nyingi hauongezewi.

OKELLO: Umeona! Jioni hesabu inafanyika kwenye mitaa ya mabanda, Katwe au Kisenyi. Mia yako haikai kwa yule mtoto. Inamfunga pale pale.

ZAINABU: Hapo sikupingi. Wapo watoto wanaochukuliwa kwao kwa ahadi ya shule, wakifika mjini shule yenyewe ni ile lami. Hiyo ni biashara ya kusafirisha watu, na sheria yake tunayo tangu 2009. Sasa mbona wakati wa msako anayekimbizwa ni mtoto, na aliyemleta yuko kibarazani anakunywa chai?

OKELLO: Ni kwa sababu mtoto ndiye rahisi kukamatika.

ZAINABU: Haswa. Wanazolewa usiku, wanapelekwa kituo cha watoto cha Kampiringisa kule Mpigi, baadaye wanasafirishwa hadi kituo cha Koblin, wilaya ya Napak, kule Karamoja kaskazini-mashariki. Picha zinapigwa. Baada ya muda sura zilezile unaziona hapa mjini, Wandegeya. Na wengi ni wa Napak, wilaya ileile moja. Hilo peke yake lingetosha kutuambia pa kwenda kuangalia.

OKELLO: Twende huko basi. Karamoja mvua ina msimu mmoja kwa mwaka. Mtama ukikauka shambani, hakuna msimu wa pili wa kukuokoa kama huku kwetu. Zamani ng'ombe ndio walikuwa akiba, maziwa na damu vikishikilia watoto hadi mavuno. Ng'ombe wakaibwa, wengine wakafa kwa magonjwa. Serikali ikakusanya bunduki, kukatulia miaka kadhaa, kisha tangu 2019 wizi wa mifugo ukarudi. Mwaka 2022 watu walikufa kwa njaa kule. Mama aliyebakiwa na kuni za kuuza na watoto wanne, ukimwambia Kampala kuna watu wanatoa sarafu dirishani, atapanda basi.

ZAINABU: Halafu akifika anakuta Mkaramojong, yaani mtu wa Karamoja, ni tusi. Hilo linaniudhi sana, nisamehewe. Mtoto wa Kampala akiwa mchafu anaambiwa "kama Mkaramojong".

OKELLO: Ni kweli, na ombaomba si wao tu. Ijumaa pale msikiti wa Old Kampala kuna wazee vipofu, kuna waliokatwa miguu. Hao mimi nawapa.

ZAINABU: Ahaa! Kumbe kioo kinafunguka!

OKELLO: Ni sadaka hiyo, na ni mtu mzima ameamua mwenyewe kukaa pale. Mtoto hakuamua.

ZAINABU: Huyo mzee naye Kanuni ya Adhabu ilimhesabu mkosaji miaka mingi, kwa kuomba tu hadharani. Mambo haya tulirithi kwa Waingereza. Wao walitunga sheria ya wazururaji mwaka 1824, wakaisambaza kwenye makoloni mengi. Angalau Desemba 2022 Mahakama yetu ya Katiba ilifuta baadhi ya vifungu vya uzururaji, ikaona vinakamata watu kwa sura na umaskini wao.

OKELLO: Sawa, lakini hujanijibu. Wewe unatoa kwa nini, na unajua sarafu inakokwenda?

ZAINABU: Kwa sababu usiku ule bado kuna mtu atalala njaa, iwe pesa imepita mkono wa nani. Napenda zaidi kununua chapati, nimwone anakula mbele yangu.

OKELLO: Chapati nayo ina faini, dada.

ZAINABU: Waje wanikamate.

OKELLO: Mimi nitabaki na msimamo wangu. Ila lori lisimame. Karamoja mtoto huenda shule pale sufuria inapochemka. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limepeleka chakula kwenye shule za kule miaka na miaka, na kila mwalimu anajua: chakula kikichelewa, madarasa yanapwaya.

ZAINABU: Na hayo mafuta ya lori yangenunua unga wa posho na maharage.

OKELLO: Bajeti husomwa Juni. Msikilizaji, ukikutana na mbunge wako kabla ya hapo, mwulize shule za Napak zimepangiwa chakula kiasi gani, na nani atakilipia wafadhili wakipunguza.

ZAINABU: Akikujibu, turushie sauti yake tuicheze hapa.