Beseni Moja, Mikono Ishirini

Wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana mliofika, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kumsikiliza muuguzi mstaafu. Nimeombwa nizungumzie maradhi yanayotuzungukia majumbani hapa Moshi, yaani mafua, kuhara, homa ya matumbo na minyoo, nami nitautumia muda wangu mwingi kwa beseni la kunawia mikono, kwa kuwa tumelipa heshima kuliko linavyostahili.

Katika msiba au arusi, kabla chakula hakijapakuliwa, huletwa beseni la maji ya uvuguvugu. Mzee hutangulia, akafuata wa pili na wa tatu, na anapofika wa kumi maji yameshabadilika rangi. Yule wa kumi hakunawa, bali ameokota yaliyoachwa na wenzake tisa, kisha kwa mkono huohuo anamega ugali. Mwaka mmoja tulikuwa na ubatizo nyumbani, na mimi mwenyewe, muuguzi mzima, ndiye niliyelizungusha beseni. Kesho yake nyumba tatu za ukoo zilikuwa zikipokezana mlango wa choo. Siwezi kuapa kwamba chanzo kilikuwa beseni, maana hata kachumbari ilikuwapo, lakini tangu siku ile kwangu hutumika birika tu: mmoja anamimina, mwingine ananawa, na maji yakishaanguka hayarudi mkononi.

Sabuni nayo ina kazi yake. Vijidudu hung'ang'ania mafuta ya ngozi, na maji matupu hayaelewani na mafuta. Chembe ya sabuni upande mmoja hushika mafuta na upande wa pili hushika maji, hivyo uchafu hubanduka na maji yanayotiririka huuchukua. Virusi vilivyovikwa utando wa mafuta, kama vya mafua makali na korona, hupasuliwa kabisa utando huo. Kazi hiyo haifanyiki kwa kufumba na kufumbua, inahitaji sekunde 20 za kusugua. Asiye na sabuni atumie jivu, ambalo bibi zetu walisugulia masufuria bila kufundishwa na mtu.

Msidhani wataalamu waliyakubali haya kirahisi. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, Austria, daktari Ignaz Semmelweis aliona wanawake waliozalishwa na madaktari wakifa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko waliohudumiwa na wakunga, akatambua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja wodini. Aliwaamuru madaktari hao kunawa mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili walikuwa wamefariki takriban 18 katika kila 100. Kufikia Juni walifariki kama 2. Hata hivyo wenzake wengi walimkataa, kwa sababu hakuna msomi apendaye kuambiwa kwamba mkono wake ndio ulioua.

Mama mmoja hapa mbele amekubali nimpake viganjani mafuta ya kula yaliyochanganywa na unga wa mkaa, akanawa huku amefumba macho, kama tunavyonawa sote mawazo yakiwa kwingine. Tazameni: viganja vimetakata, lakini kidole gumba bado ni cheusi, ncha za vidole vilevile, chini ya kucha na kuzunguka pete. Sasa fikirini ni sehemu gani ya mkono inayomenya ndizi, inayokanda unga na inayomfuta mtoto kamasi. Ni hizohizo zilizobaki na mkaa. Akina mama lishe, kucha zenu ziwe fupi, hata kama Desemba wageni wa Dar wanakuja na kucha ndefu.

Vitakasa mikono vinafaa safarini, mradi viwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60, ila mkono wenye tope au mafuta havisaidii sana, na baadhi ya virusi vya kuhara na kutapika havitishwi navyo.

Kuhusu kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi tunayoinywa kwa kupokezana, najua nagusa pabaya. Mwenye mafua, au aliyeamka anatapika, aombe kikombe chake mwenyewe, na wenzake wasimwone ana maringo. Lakini wapo wanaoikwepa kata kwa hofu ya kifua kikuu, na hao wanaogopa kisichohusika: kifua kikuu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, wala si kwa kata au kijiko. Wahudumu wa hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto kule Siha watawaambia hivyohivyo. Anayeogopa kifua kikuu basi na afungue dirisha la daladala, hata Julai tunapotetemeka.

Limebaki la choo, ambako mikono huchafuka zaidi na bomba mara nyingi liko mbali. Dumu la lita 5 lenye tundu dogo, likaning'inizwa kwenye mti na kuinamishwa kwa kamba inayokanyagwa na mguu, ndilo kibuyu chirizi, na uzuri wake ni kwamba mkono mchafu haugusi chochote ila maji na sabuni. Sabuni itobolewe ifungwe kamba, la sivyo kuku wataidonoa au watoto wataigeuza mashua. Dumu na kamba nimekuja navyo. Tusogee pale chini ya mwembe tukifunge cha kwanza, na maswali yenu nitayajibu tukiendelea kufunga.