Kitambaa cha Penga Penga

YAYA: Jambo yenu wote munaotusikiliza hapa Lubumbashi. Niko na mdogo wangu, na leo amekuja na kitambaa mkononi. Cha nini?

MDOGO: Yaya, kilikuwa cheupe. Nilikianika kwenye kamba kule Penga Penga, wiki tatu za mwezi wa nane, bila kukigusa. Tazama pindo hili.

YAYA: Jekundu kama tofali! Na hapa kwenye mkunjo ni karibu jeusi.

MDOGO: Hapo ndipo vumbi lilipotulia. Hiki ndicho ukurasa wa kwanza wa kazi yangu ya kumaliza masomo ya sanaa.

YAYA: Wasiopajua Penga Penga waeleze.

MDOGO: Ni mtaa wa hapa mjini. Tanuri la shaba la Lubumbashi liliwashwa 1911. Upepo wa kiangazi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulielekea upande mmoja, upande wa Penga Penga, miaka na miaka. Miti ikakauka, udongo ukajaa metali za shaba, zinki, risasi na kadimiamu. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu pale kupanda nyasi zinazostahimili shaba, udongo ukiwa umetiwa chokaa na mboji, ili vumbi lisiruke.

YAYA: Kazi nzuri. Sasa msanii anatafuta nini humo?

MDOGO: Hilo ndilo linaloniuma. Sisi huitwa mwishoni, utafiti umeshakwisha, tuchore bango la kongamano. Mimi nataka tuingie shambani siku moja na wao. Nilipoanika kitambaa, akina mama walikuja kuuliza, tukaketi. Mmoja akaniambia hawaaniki mihogo nyuma ya nyumba, wanaanika mbele tu, tangu enzi za mama mkwe wake. Karatasi za maswali nilizopewa hazikuwa na swali hilo. Mwenzangu wa kilimo akachukua udongo wa nyuma na wa mbele, akaupeleka maabara.

YAYA: Na hapa kwetu jambo hili lina mizizi. Mchoraji Pilipili Mulongoy na wenzake wa Le Hangar, karakana ya uchoraji iliyofunguliwa 1946, walijaza picha zao ndege, samaki na majani. Waliyajua mazingira kwa kuyatazama sana.

MDOGO: Kutazama ni utafiti, yaya! Chukua ua la shaba, lile wanaloliita Haumaniastrum katangense. Linaota penye shaba nyingi, na wanaakiolojia walilifuata likawaonyesha mahali wazee walipoyeyushia madini. Mwenye jicho la kutofautisha zambarau moja na nyingine angelisaidia sana pale.

YAYA: Yule mama, amekiona kitambaa?

MDOGO: Alikiona siku nilipokianua. Nilitaka kukikung'uta. Akaninyang'anya, akakikunja mwenyewe polepole, vumbi likiwa ndani, akasema: usikifue.