Pimeni Damu Kwanza

Mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi wa thieta, na ninyi wanafunzi mliobanana huko nyuma, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa kupunguza upotevu wa damu wakati wa upasuaji. Walionisikia siku za nyuma wanajua sitaanza na dawa. Nitaanza na ile nafasi kwenye fomu ya upasuaji iliyoandikwa "damu iliyopotea", kwa sababu tafiti nyingi mtakazozisoma kuhusu dawa za kupunguza kuvuja damu zinategemea tarakimu kama ya pale.

Nendeni mkapitie mafaili ya akina mama waliojifungua kwa upasuaji, hospitali yoyote. Mtakuta mililita 500, 500, 400, 500. Mama aliyetoka thieta presha yake ikiwa nzuri ana 500. Mama aliyerudishwa mezani usiku, mikono ya baridi, mapigo hayashikiki, naye ana 500. Hapo hakuna aliyepima. Mpasuaji ameitamka namba huku anavua glavu, mtu wa usingizi akaiandika, basi. Nani aliangalia chupa ya sakshen, ile mashine ya kufyonza damu? Nani alitoa maji ya uzazi, na yale maji ya chumvi tuliyosafishia tumbo? Damu iliyopita chini ya shuka ikalowesha godoro la meza, imeandikwa wapi?

Na kazi yenyewe si ngumu, nimeshaisema mpaka wenzangu wamechoka kunisikia. Mopu, vile vitambaa vya kufyonzea damu, zikiwa kavu mnajua uzito wake. Pimeni zilizolowa, toeni uzito wa zile kavu, kila gramu ihesabiwe mililita moja. Mizani ya jikoni inatosha. Chupa ya sakshen isomwe mara mtoto anapotoka, kabla ya kondo, ili maji ya uzazi yasihesabiwe kuwa damu. Maji ya kusafishia yaandikwe yanapomiminwa. Muuguzi mmoja na kalamu yake anaweza.

Najua kuna mkubwa mmoja hapa anasema moyoni, "Mimi nimekaa thieta miaka yote hii, jicho langu halidanganyiki." Mkubwa wangu, kwa heshima zote, jicho linadanganyika, tena pabaya. Damu ikiwa kidogo huwa tunaiona nyingi. Ikiwa nyingi tunaiona kidogo. Yaani linatuangusha kwa mgonjwa yuleyule aliyekuwa analihitaji.

Ushahidi upo hapahapa kwetu. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE: hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali za upande mmoja zilitandika chini ya mama plastiki yenye mfuko, na mfuko una mistari ya vipimo. Damu ikifika mstari wa hatari, matibabu yote ya mwanzo yanaanza kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, asidi ya traneksamiki (dawa inayozuia damu iliyoganda kuyeyuka), dripu, kutafuta damu inatoka wapi, na kuita msaada mapema. Upande wa pili waliendelea na utaratibu wao wa kawaida. Huko, kati ya akina mama waliovuja damu kupita kiasi, waliotambuliwa walikuwa asilimia 51.1. Upande wa vipimo ni asilimia 93.1. Karibu nusu ya waliovuja upande wa kawaida walivuja mbele ya wahudumu waliosomea kazi, na hakuna aliyesema huyu anavuja! Mwishowe waliopoteza lita moja au zaidi, au kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa kuvuja damu, walikuwa asilimia 1.6 upande wa vipimo na asilimia 4.3 upande wa kawaida.

Mtaniambia matibabu nayo yalibadilika, si kipimo peke yake. Kweli kabisa. Lakini hayo matibabu angepewa nani, kama mvujaji hajaonekana?

Na mtaniambia tena, hiyo ni leba, sisi ni thieta. Haya, twende thieta. Mwaka 2021 Wafaransa walichapisha utafiti wa TRAAP2, wanawake zaidi ya 4,500 waliojifungua kwa upasuaji katika hospitali 27. Wote walipewa dawa ya kukaza mfuko wa uzazi. Baada ya hapo, kwa bahati nasibu, nusu wakapewa asidi ya traneksamiki na nusu dawa tupu ya kulinganishia. Damu waliipima kwa njia zaidi ya moja. Nataka msikilize vizuri hapa.

Njia ya kwanza ni ya hesabu. Unachukua hematokriti, yaani ile asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu, kabla ya upasuaji na siku ya pili baada yake. Mama ana kilo 60. Zidisha kwa 85, damu yake mwilini ni kama mililita 5,100. Ameingia na hematokriti ya 36, siku ya pili ana 30. Imepungua sita katika thelathini na sita, ambayo ni moja ya sita. Moja ya sita ya 5,100 ni 850. Kwa njia hiyo, waliopoteza zaidi ya lita moja au kuongezewa damu walikuwa asilimia 26.7 kwa waliopata dawa, na 31.6 kwa wasiopata. Dawa imeshinda.

Njia ya pili ni hiyo yangu ya mopu na chupa. Wanawake walewale, upasuaji uleule. Tofauti ya maana haikuonekana. Wahudumu walipoulizwa nani amevuja damu ya kutisha, tofauti haikuonekana. Waliohitaji kuongezewa damu, vilevile.

Mwaka 2023 Wamarekani nao wakatoa wa kwao, wanawake kama 11,000, upasuaji huohuo. Wao walihesabu vifo na kuongezewa damu: asilimia 3.6 kwa 4.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha.

Sasa mtu ananisimamisha koridoni, "Daktari, traneksamiki kwa mama wa upasuaji inafanya kazi au haifanyi?" Rafiki yangu, uliza kwanza walipima nini! Hematokriti inayumbishwa na dripu mliyomfungulia. Mizani inayumbishwa na maji ya uzazi. Kuongezewa damu kunategemea benki ya damu ina nini siku hiyo, na kwetu hilo ni jambo zito: mgonjwa ambaye hakuongezewa kwa sababu damu haikuwepo, kwenye takwimu anaonekana mzima. Mwanafunzi atakayeniletea andiko lake la utafiti likisema "damu itakadiriwa na mpasuaji", nitamrudishia kabla sijafika ukurasa wa pili.

Mwenyekiti ananiangalia, niharakishe.

Hofu kwamba traneksamiki itagandisha damu ndani ya mishipa. Utafiti wa POISE-3, mwaka 2022, wagonjwa 9,535 wa upasuaji usiohusu moyo. Kuvuja kukubwa: asilimia 9.1 kwa waliopata dawa, 11.7 kwa wasiopata. Matatizo ya moyo na mishipa: 14.2 kwa 13.9. Wamekaribiana sana, ila kipimo cha usalama walichojiwekea wenyewe hawakukifikia. Msiseme haina hatari yoyote, wala msimnyime mgonjwa anayevuja kwa uoga.

Muda. Utako Okamoto wa Japani na mumewe Shosuke waliivumbua dawa hii miaka ya 1960, na mama huyu alikuwa na uchungu na wanawake wanaokufa kwa damu baada ya kujifungua. Alifariki 2016. Mwaka uliofuata utafiti wa WOMAN, wanawake 20,060 waliovuja damu baada ya kujifungua, ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu, vifo vya kuvuja damu vinashuka kutoka asilimia 1.7 hadi 1.2. Kila robo saa ya kuchelewa inakula kama asilimia 10 ya faida yake. Na saa tatu zinaanza kuhesabiwa damu inapoanza kutoka, iwe mmeiona au hamjaiona.



La mwisho, kwa wenzangu wa usingizi. Ampuli ya traneksamiki inafanana na ya bupivakaini, dawa ya ganzi ya uti wa mgongo, na wapo wagonjwa waliochomwa traneksamiki uti wa mgongo kwa kukosea. Wakapata degedege, na wengine wamekufa. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2022. Iondoeni kwenye toroli ya dawa za usingizi, ikiwezekana ikae nje ya chumba cha upasuaji, na lebo isomwe kwa sauti kabla ya kuvuta sindano. Fanyeni hivyo leo mkirudi zamu. Maswali, karibuni.