Hesabuni Vidonda, Msihesabu Miti: Mhadhara Kuhusu Udi na Mafuta Yake

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie udi kuanzia shambani hadi kwenye chupa. Nitajaribu, ila walionisikia huko nyuma wanajua nitakwama wapi. Nitakwama kwenye kidonda cha mti, na mtanivumilia. Kila anayepanda Aquilaria, mti wa udi, huanza kwa kutaja idadi ya miti yake. Mia tano. Elfu mbili. Hongera. Sasa katika hiyo, mingapi ina udi ndani? Hapo mazungumzo hupoa.

Aquilaria yenye afya, iwe aina ya malaccensis ya Assam, India, na Sumatra, crassna ya Vietnam na Kambodia, au sinensis ya kusini mwa China, ina mbao nyeupe, laini, nyepesi, isiyo na harufu yoyote ya maana. Ukiitia motoni inanuka kuni. Mti huo unaweza kunenepa, kuchanua, kuangusha mbegu na kufa kwa uzee bila kuacha udi wa kujaza kiganja. Udi ni kigaga. Mti umejeruhiwa, kuvu imeingia, na seli zilizo hai pembezoni mwa jeraha zinatengeneza utomvu mzito wa kuziba njia. Mahali pasipo na jeraha hapana udi, hata mti ungekuwa na miaka hamsini.

Nimesema seli zilizo hai, na neno hilo ndilo watu wanalolipita mbio. Kwa miti mingi, floemu, ile mishipa inayopitisha chakula, iko chini ya gome tu. Aquilaria inayo chini ya gome, na pia ina vijikundi vya floemu vilivyotawanyika ndani ya mbao yenyewe. Ndiyo maana ukiuvua gome kuuzunguka mti huu unaweza kuendelea kuishi. Na ndani ya vijikundi hivyo na seli jirani zake ndimo utomvu unamoanza kuonekana. Seli zikifa, kiwanda kimefungwa. Kwa hiyo yule anayemimina asidi kali kwenye matundu ili avune haraka, majani yakapukutika yote na shina likakauka, hajaharakisha chochote. Ameua wafanyakazi wake. Akipasua shina anakuta rangi ya kahawia anafurahi, kumbe ni mbao iliyooza.

Namna ya kutoboa, basi. Msiguse mche. Subirini shina lifike unene wa sentimita kumi hivi, lenye mbao ya kutosha kubeba jeraha. Tumieni keekee nyembamba, matundu yapande kwa kuzunguka shina, yasipangwe kwa mstari mmoja; mstari mmoja ni mwaliko kwa upepo, na mti utavunjika hapohapo. Yakaribiane, sentimita tano hivi kati ya moja na jingine, kwa sababu utomvu hutambaa zaidi juu na chini kufuata nyuzi za mbao, na kwenda pembeni huwa mvivu. Matundu yaelekee chini kidogo kutoka ndani kuja nje, maji ya mvua yasituame humo.

Halafu kosa linaloua mashamba mengi: tundu linaachwa lijifunge. Mti mchanga una nguvu ya kupona, na ukipona hauna sababu ya kuendelea kutoa utomvu. Mtafiti Robert Blanchette wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na wenzake waliofanya kazi Vietnam waliliona hilo, wakaweka mirija ya plastiki kwenye matundu ili hewa iendelee kuingia na kidonda kisifunge. Mbegu ya kuvu wanayouza watu, kama ile ya jamii ya Fusarium, kazi yake ni hiyohiyo: kukiweka kidonda kikiwa kibichi. Ukiipaka kwenye tundu litakalofunga baada ya muda mfupi, umepaka bure.

Kateni shina kwa upana mjionee. Katikati ya tundu kuna mbao iliyochakaa, imepauka, inasagika kwa kucha. Kuizunguka kuna ukanda wa kahawia hadi mweusi, wenye mng'ao wa mafuta. Nje ya ukanda, ghafla, mbao nyeupe. Chakula cha mtungi wenu wa kukenekea mafuta ni ule ukanda peke yake. Baada ya miezi michache ni mwembamba mno. Baada ya miaka miwili mitatu umeongezeka upana na uzito. Anayevuna mapema anasaga mbao nyeupe, halafu analalamikia mtungi.

Najua atatokea wa kusema: msituni hakuna aliyetoboa, na udi bora ulitoka huko. Msituni walitoboa wengine. Matawi huvunjwa na upepo, na huko Assam kuna kiwavi, Neurozerra conferta, anayechimba shina usiku na mchana bila kulipwa. Lakini ni sehemu ndogo tu ya miti ya porini yenye udi, na mwindaji wa udi hakuwa na njia ya uhakika ya kuijua kwa macho, akawa anaangusha yote. Ndiyo sababu Aquilaria malaccensis iliingia kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1995, na mwaka 2005 jamii nzima ya Aquilaria pamoja na ndugu yake Gyrinops zikafuata. Kuuza nje bila kibali ni kosa, hata kama ni vibanzi vya mti uliopanda mwenyewe.

Mwingine atasema, wangu unazama majini. Hongera tena. Utomvu ni mzito kuliko maji, kwa hiyo mbao iliyoshiba huzama, hilo sikatai. Lakini na mbao iliyochomekwa madini ya risasi huzama. Na iliyolowa sana huzama. Kitabu rasmi cha dawa cha China hakiulizi habari ya kuzama. Kinataka spiriti iyeyushe na kutoa angalau asilimia 10 ya uzito wa mbao. Na weusi nao msiutegemee: wanaopigilia misumari, kama ilivyo desturi Sylhet, Bangladesh, wanajua kutu ya chuma hutia weusi mbao isiyo na tone la utomvu. Misumari hiyo ing'olewe yote kabla ya kusaga, mmoja ukibaki meno ya mashine ndiyo yatakayowaambia.

Muda unakwenda, na bado sijagusa mafuta. Nitakimbia.

Bandueni mbao nyeupe kwa patasi, sageni iliyobaki iwe unga, lowekeni. Maji yafunike unga, la sivyo juu kutaota ukungu. Siku chache zinatoa mafuta safi, yenye utamu. Wiki kadhaa zinaleta ile harufu ya zizi ambayo wanunuzi wa mafuta ya Kihindi huitafuta na wengine huikimbia. Amueni kabla ya kuloweka, maana hakuna kurudi nyuma. Mtungi uwe wa chuma kisichoshika kutu au wa shaba, na msiujaze hadi shingoni: unga hufura, povu hupanda, mrija huziba, na mtungi ulioziba juu ya moto ni bomu. Moto wa wastani, unga usigande chini, kwani harufu ya kuungua haitoki tena. Kukeneka, yaani kuchemsha na kunasa mvuke, kunachukua siku kadhaa kwa sababu seskwiterpini, kemikali za harufu za udi, ni nzito na mvuke huzibeba kidogokidogo. Anayezima siku ya kwanza ameacha sehemu nzito ndani. Maji ya kupozea yasiwe ya baridi kali, mafuta yataganda ndani ya koili, ule mrija wa kupozea mvuke. Mavuno ya mbao za shambani yako chini sana ya asilimia moja. Mkipakia kilo 100, zungumzeni kwa gramu.

Na lile lalamiko la wanunuzi, kwamba mafuta hayanukii kama kibanzi kwenye chetezo. Hayawezi. Utomvu una makundi mawili makubwa: seskwiterpini, zinazopanda na mvuke, na kromoni, ambazo nyingi hubaki mtungini. Kromoni hizo ndizo zinazovunjika kwa joto la kaa na kutoa ule utamu wa moshi. Kwa hiyo jaribuni kibanzi kwa kaa lililofunikwa majivu, kama Wajapani wanaoweka kipande kidogo juu ya kibati cha mika, madini yasiyoungua: utomvu wa kweli hutokota polepole, rangi ya kupakwa hutoa moshi mkali mweusi mara moja. Mafuta jaribuni kwa kuyapaka kwenye ngozi na kusubiri saa kadhaa, si kwa kunusa kizibo.

Yakishatengana na maji, yaanikeni juani kwenye chombo cha kioo unyevu uishe, kisha chupa nyeusi ya kioo, kizibo kilegezwe wiki za kwanza ili harufu ya kuloweka ipungue. Plastiki hapana. Haya, maswali, na tafadhali asianze mtu kwa kunitajia idadi ya miti.